Kiwanda kikiita magari yarudi kurekebishwa, sisi wa gari za mtumba huku Dodoma nani anatuambia?

Kigari_cha_Ilazo
Wakuu mbukwenyi. Hili jambo limeninyima usingizi wiki nzima naomba wenye uelewa mnisaidie. Nina kagari kangu ka Kijapani ka mwaka 2006, nilikanunua kwenye yadi Dar miaka miwili iliyopita nikakaleta Dodoma, hakajawahi kunisumbua hata siku moja. Sasa Jumapili shemeji yangu ambaye ni fundi umeme wa magari alikuja kula ubwabwa nyumbani, wakati anaondoka akaingia kwenye gari akashika usukani akaniuliza, shemeji hii eabegi, huu mfuko wa hewa wa usukani, ilishabadilishwa? Nikamwambia sijui, kwani huwa inabadilishwa? Akacheka halafu akakaa kimya, ule ukimya ndio ulionitisha. Akaniambia kuna magari ya miaka hiyo kiwanda kiliyaita yote yarudi kwa sababu eabegi ikifyatuka inaweza kurusha vyuma usoni kwa dereva. Mke wangu ndo anaendesha hiyo gari kila asubuhi kupeleka mtoto shule Area D. Mtoto anakaa mbele. Swali langu, hao Wajapani walipoita magari waliniita mimi? Nani alitakiwa kuniambia?

Zabibu_Tamu
Uzi muhimu huu. Naweka kiti hapa nasubiri mafundi.

FundiUmeme_Kizota
Shemeji yako kasema kweli, na mtoto mhamishie siti ya nyuma leo hii usisubiri majibu ya uzi. Hata kama eabegi yako ni nzima, siti ya mbele sio ya mtoto mdogo.

Sasa kwa kifupi. Kuna kampuni ya Japani inaitwa Takata, ilikuwa inatengeneza eabegi na mikanda kwa makampuni mengi sana, sio moja. Ndani ya eabegi kuna kikopo cha chuma, ndani ya kikopo kuna vidonge vya kemikali. Gari ikigonga, kompyuta inatuma umeme, vile vidonge vinaungua kwa haraka vinatoa gesi, mfuko unajaa kabla kichwa chako hakijafika kwenye usukani. Kazi yote hiyo kope haijafunga. Takata walitumia amonia naitreti, ambayo ni bei rahisi lakini ina tabia mbaya, ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu vidonge vinapasuka pasuka vinakuwa kama unga. Unga unaungua haraka kuliko kidonge. Gesi inazidi nguvu ya kikopo, kikopo chenyewe kinapasuka, vipande vinapita kwenye mfuko vinamfata dereva shingoni. Ajali ambayo ungetoka na mchubuko unatoka na kovu la kisu au hutoki kabisa.

Rikoli, yaani kiwanda kuita magari yarudi kurekebishwa, ya kwanza ilikuwa Honda mwaka 2008, magari kama elfu nne tu. Wakadhani ni tatizo dogo la kiwandani. Baadae ikafika milioni kwa milioni, Marekani peke yake vikopo kama milioni 67. Ndo rikoli kubwa kuliko zote kwenye historia ya magari.

Baba_Mapacha_Nkuhungu
Hii kampuni iliua maelfu ya watu wakafilisika wenyewe 2017, dhambi ilivyo mbaya.

Mwl_Kemia_Chimwaga
@Baba_Mapacha_Nkuhungu kufilisika mwaka 2017 ni sahihi, ila maelfu sio kweli. Marekani waliokufa kwa vyuma vya hiyo eabegi ni chini ya 30 kwa hesabu za mamlaka yao ya usalama barabarani, waliojeruhiwa ni mamia. Malaysia nao walipoteza watu. Tuseme namba za kweli jamani, kwa sababu kuna upande wa pili: eabegi imeokoa watu maelfu kwa maelfu. Ukiwatisha watu kwa namba za uongo kesho wanaenda gereji kuzing'oa zote na hapo ndo tutauana kweli.

Mtoto_wa_Kibaigwa
Mi naona sisi wa kanda ya kati tumepona. Fundi kasema joto NA unyevu. Dodoma unyevu uko wapi? Mvua zenyewe za kuhesabu, midomo inapasuka mwezi wa saba. Wasiwasi wawe nao wa Tanga na Dar huko kunakotoka jasho saa kumi na mbili asubuhi 😂

Mwl_Kemia_Chimwaga
Umeongea point lakini nusu. Hata Marekani walianza na majimbo ya joto na unyevu kama Florida, kwaiyo ukavu wetu unasaidia. Lakini amonia naitreti ina mchezo mwingine. Chembe zake zinabadili mpangilio kwenye nyuzijoto kama 32 hivi, zikibadilika zinatanuka, zikipoa zinarudi. Sasa fikiria gari imepaki juani kule Mtumba mji wa serikali saa nane mchana, dashibodi huwezi kuweka kiganja, halafu usiku wa mwezi wa sita unalala na mablanketi mawili. Kila siku kupanda na kushuka. Kidonge kinapumua hivyo mwaka mzima. Unyevu ndo unaharakisha uharibifu lakini huko kupanda na kushuka kwa joto nako kumo, na Dodoma tunako.

Dereva_wa_Sekenke
Mnabishana hali ya hewa ya Dodoma wakati gari imefika Dodoma juzi. Gari ya jamaa ni ya 2006, imekaa Japani miaka kumi na ngapi huko, na kiangazi cha Japani ni joto la mvuke kama Dar. Imekaa kwenye meli, imekaa bandarini. Ukavu wa Dodoma umekuta mgonjwa ameshaugua.

Mtoto_wa_Kibaigwa
Duh. Hapo nimekaa.

Afisa_wa_Ihumwa
Kuna maelezo mengine hamjayataja. Mbali na kemikali, kwenye viwanda vyao vya Marekani na Mexico kulikuwa na uzembe, vidonge havikubanwa vizuri na vingine viliachwa vikanyonya unyevu kabla hata ya kufungwa kwenye kikopo. Kwaiyo kuna vikopo vilizaliwa vibovu na vingine vilizeeka vikawa vibovu. Na Februari 2017 Takata walikubali makosa mahakamani Marekani kwamba walikuwa wanapeleka ripoti za majaribio zilizopikwa kwa makampuni ya magari, wakapigwa dola bilioni moja. Mimi hicho ndo kinaniuma. Kitu kuharibika ni kawaida, kujua halafu ukaficha ni kitu kingine kabisa.

Mama_Zuzu
Jamani mimi nina kisa changu. Nilinunua gari kwa dalali hapahapa mjini, yadi siitaji. Nilimuuliza kabisa, hii gari rikoli zake zimefanywa? Akaniambia mama hayo mambo ya Ulaya, gari ya Mjapani haina shida. Nikaridhika. Mwaka jana bodaboda kanikwepea vibaya pale Nanenane nikagonga nguzo, mwendo sio mdogo, eabegi haikutoka. Nimevunjika pua na meno mawili. Fundi alipofungua usukani hamna kitu ndani, ni kile kifuniko cha juu tu kimegundishwa. Na taa ya eabegi kwenye dashibodi ilikuwa haiwaki, kwaiyo nilikuwa naamini iko nzima.

Zabibu_Tamu
Pole sana mama. Mungu ni mwema.

FundiUmeme_Kizota
Pole mama, na hicho kisa nimekiona zaidi ya mara tatu hapa Kizota. Gari iliwahi kugonga huko nyuma, eabegi ikafyatuka, mtu akaona mpya ni hela nyingi akaweka kifuniko. Kompyuta ili isilalamike wanaifungia rizista, kipande kidogo cha umeme, inadhani eabegi ipo. Wengine wanaenda mbali zaidi, taa ya eabegi wanaiunganisha na taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja.

Jinsi ya kupima: washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya eabegi iwake yenyewe sekunde kadhaa halafu izime yenyewe. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameigusa. Ikizima sawasawa na taa ya oili wakati injini inawaka, pia kuna mtu ameigusa. Isipozima, mfumo una kosa. Lakini kama ni rizista taa itafanya vizuri tu kwaiyo jibu la uhakika ni fundi anayejua afungue aangalie. NASEMA ANAYEJUA. Betri inatolewa kwanza unasubiri dakika kadhaa, ndo unagusa. Usijaribu mwenyewe nyumbani na bisibisi.

Baba_Mapacha_Nkuhungu
Kwaiyo kuna gari eabegi inaweza kukuua na gari nyingine haina eabegi kabisa na zote taa inaonesha salama. Haya maisha.

Afisa_wa_Ihumwa
Nirudi kwa swali la mwenye uzi maana tunahama. Nani alitakiwa kumwambia. Utaratibu wa Japani, kampuni ikigundua kasoro inaipelekea taarifa wizara yao ya usafirishaji, halafu inamwandikia barua mmiliki aliyesajiliwa. Aliyesajiliwa ni Mjapani. Mjapani akishauza gari mnadani ikapanda meli, usajili unafutwa, barua inakosa mtu wa kuipokea. Sisi tunaingia kwenye picha baada ya anwani kufutwa. Kwa hiyo kwa jibu la moja kwa moja, kwenye ule mnyororo wa Japani hakuna mtu ambaye kazi yake ni kukutafuta wewe wa Ilazo.

Mwanasheria_wa_Area_C
Naomba nipinge kidogo hapo. Mnyororo wa Japani unaisha lakini wa hapa unaanza. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake ya FCC, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yao. Aliyekuuzia gari kwa biashara hawezi kusema yeye alikuwa mpita njia. Alitakiwa kujua anachouza. Mama Zuzu hapo juu aliuliza kabisa na akajibiwa uongo, ile sio bahati mbaya ile ni kumpotosha mlaji. Shida tunanunua kwa kupeana mkono, hatuna hata karatasi yenye maneno ya dalali.

Dalali_Mwaminifu
Ngoja na sisi tujitetee kwa sababu mnatupiga wote kwa fimbo moja. Mimi naagiza gari, karatasi ya mnada inaonesha kilomita, mikwaruzo, kama iligonga. Rikoli haipo kwenye ile karatasi. Nikague vipi kitu ambacho sijaandikiwa? Gari ina cheti cha ukaguzi, breki, taa, moshi, vyote vimepita. Mteja anataka bei ishuke laki tano, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza eabegi zaidi ya huyo mama. Tatizo ni wakaguzi, wangeweka rikoli kwenye cheti sisi tungeifata.

Mama_Zuzu
Kaka yangu, ungekuwa hujui ungeniambia hujui. Neno "sijui" halina gharama.

Dalali_Mwaminifu
Hapo mama umenishinda. Kweli.

Mtoto_wa_Kibaigwa
Halafu naomba niseme kitu nje ya mada kidogo, kuna watu humu wanaendesha gari na rundo la funguo kama mlinzi wa godauni. Shemeji wa Nkuhungu najua unasoma hapa 😂

Afisa_wa_Ihumwa
Cheka lakini hiyo ni rikoli nyingine kabisa na ya kweli. General Motors, Marekani, 2014. Swichi ya ufunguo kwenye magari yao madogo ilikuwa na springi laini. Ukiwa na funguo nzito halafu ukaingia kwenye shimo au goti likagusa, ufunguo unarudi nyuma wenyewe. Injini inazima ukiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito, na eabegi hazina umeme tena. Unagonga bila eabegi. Waliokufa 124 walihesabiwa kwenye fidia waliyolipa. Na mbaya zaidi miaka ya nyuma ile swichi ilishabadilishwa kimyakimya ikawekwa yenye springi ngumu bila kubadili namba ya spea, kwaiyo wachunguzi walikuwa wanalinganisha swichi mbili zenye namba moja wanashindwa kuelewa kwanini moja inaua na nyingine haiui. Wakati watu wanasubiri swichi mpya waliambiwa toa kila kitu kwenye ufunguo, baki na ufunguo peke yake.

Baba_Mapacha_Nkuhungu
Nimetoa. Funguo za stoo, za geti na za kwa mama mkwe zote nimetoa 😂 Asante mkuu.

Dereva_wa_Sekenke
Na mimi niweke la kwangu. Mwaka juzi natoka Igunga narudi Singida, nimeshapandisha mlima Sekenke, nikataka kuipita lori nikakanyaga mafuta mpaka mwisho. Nikaachia. Gari haikuachia. Injini inanguruma, nakanyaga breki gari inapungua kidogo tu halafu breki inakuwa ngumu kama jiwe. Kilichoniokoa nilikumbuka kuweka gia kwenye N, injini ikapiga kelele lakini gari ikapungua nikaweka pembeni. Kushuka nikakuta kapeti. Nilikuwa nimeweka lile kapeti nene la mpira juu ya kapeti la gari, limejikunja likabana pedo ya mafuta. Mikono ilitetemeka mpaka nafika Singida mjini. Mambo ya kuongeza kapeti juu ya kapeti acheni ndugu zangu.

FundiUmeme_Kizota
Hicho ndo kilichowakuta Toyota Marekani 2009, kule San Diego familia ya watu wanne iliisha kwenye Lexus, gari ya Toyota haohao, ambayo kapeti lake lilikuwa sio la ile gari. Wakaita mamilioni ya magari. Dawa yenyewe inaonesha jinsi wanavyorekebisha, sio lazima wabadili kitu kikubwa: walikata pedo ikawa fupi kidogo isifike kwenye kapeti. Kulikuwa na tatizo la pili la pedo kugoma kurudi yenyewe, wao wakapachika kipande kidogo cha chuma ndani ya pedo kupunguza msuguano. Na kwenye magari mengine wakaongeza programu, ukikanyaga breki na mafuta pamoja breki inashinda.

Kijana_wa_UDOM
Mkuu hayo ya kapeti ni hadithi waliyouza. Tatizo lilikuwa kompyuta, wakaficha.

Mwl_Kemia_Chimwaga
NASA, wale wa anga za juu wa Marekani, waliombwa kuchunguza, ripoti ya 2011 ikasema hawakupata kosa la kielektroniki linaloweza kufanya hivyo.

Kijana_wa_UDOM
Na Oktoba 2013 baraza la wazee wa mahakama Oklahoma likasikiliza wataalamu wa programu, likasema Camry ya 2005 ilikuwa na kosa kwenye mfumo wa kielektroniki, Toyota wakatakiwa kulipa. Kwaiyo NASA hawakuona, Oklahoma waliona. Nani mkweli?

Mwl_Kemia_Chimwaga
Kutoona sio sawa na kutokuwepo, nakubali hapo. Lakini hukumu ya gari moja nayo sio uthibitisho wa magari yote. Kilicho wazi ni 2014, Toyota walilipa dola bilioni 1.2 serikali ya Marekani kwa sababu waliwapotosha wateja kuhusu kapeti na pedo. Tumalize hapo tusimalizane.

Kijana_wa_UDOM
Sijamaliza mwalimu ila nina mtihani kesho 🙏

Mnyaturu_Original
Nimesoma yote. Mbona hamna aliyemwambia jamaa afanye nini? Chukua chesisi namba. Gari za soko la Japani hazina ile namba ndefu ya tarakimu 17, zina herufi na namba halafu kistari halafu namba, iko kwenye kadi ya gari na kwenye kibati ndani ya boneti. Makampuni makubwa ya Japani yana ukurasa wa kuangalia rikoli kwa hiyo namba. Iko kwa Kijapani lakini simu inatafsiri. Hakikisha herufi zote. Mimi yangu ilitoka na rikoli mbili, moja imefanywa moja bado.

Mtoto_wa_Kibaigwa
Ikionesha bado, unafanyaje sasa? Unairudisha Japani kwa miguu?

Mnyaturu_Original
Nilienda kwa wakala wa kampuni yangu Dar, jina naliacha. Mara ya kwanza waliniambia gari hii hatukuuza sisi. Nikarudi na karatasi ya Kijapani nimeichapa, wakachukua namba wakaniambia tutakupigia. Baada ya miezi miwili wakapiga, wakabadilisha bure, ikachukua kama saa moja na nusu.

Dereva_wa_Sekenke
Una bahati. Jamaa yangu na karatasi hiyohiyo aliambiwa kazi ni bure ila spea anunue. Na mwingine aliambiwa spea hazipo hazitakuja.

FundiUmeme_Kizota
Na tafadhali, mtu asiende Gerezani Kariakoo kununua eabegi ya gari iliyochinjwa aje nifunge. Siijui imekaa wapi, na inaweza kuwa na kikopo kilekile tunachokikimbia. Nimeshakataa kazi za namna hiyo.

Dalali_Mwaminifu
Kuanzia leo gari yangu kabla haijapanda meli naangalia chesisi kwenye huo ukurasa. Nimejaribu tatu sasa hivi za bandarini, moja ina rikoli haijafanywa. Nitamwambia mteja wake kesho.

Mama_Zuzu
Mwambie leo.

Zabibu_Tamu
Na matairi jee? Naona tunaongelea eabegi tu na hii barabara ya Manyoni matairi yanavyolipuka.

Afisa_wa_Ihumwa
Hiyo uanzishiwe uzi wake lakini kwa haraka, Firestone 2000, matairi milioni 6.5, ganda la juu lilikuwa linabanduka kwenye joto na mwendo. Ford Explorer zikawa zinapinduka. Ford akasema ni tairi, Firestone akasema ni gari na upepo mdogo mnaowaambia wateja, Ford walishauri PSI 26 wakati Firestone wanataka 30. Mpaka leo kila mtu na wake. Wewe angalia namba nne za mwisho ubavuni mwa tairi, mbili ni wiki mbili ni mwaka. Tairi ya mtumba yenye 1109 imetengenezwa wiki ya 11 mwaka 2009, hiyo usifike nayo hata Bahi.

Zabibu_Tamu
Nimeenda kuangalia za kwangu. Zinasema 3808. Naenda kuparking.

Kigari_cha_Ilazo
Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa kazini. Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana kila mmoja. Nimeweka chesisi namba pamoja na shemeji yangu. Upande wa dereva imeandika imefanywa 2016. Upande wa abiria wa mbele haijafanywa.

Upande ambao mtoto alikuwa anakaa.

Nimepiga simu kwa wakala Dar, wamechukua namba wamesema watanipigia. Nimechapa karatasi kama alivyosema Mnyaturu. Mke wangu ameshamhamishia mtoto nyuma, na siti ya mbele ameweka mkoba wake na madaftari anayosahihisha, amesema hakai mtu pale mpaka wabadilishe. Ijumaa kama hawajapiga nashuka na basi la usiku niwepo mlangoni kwao saa mbili asubuhi. Kama kuna mwingine ana karatasi ya "haijafanywa" tushuke pamoja, tukiwa watatu wanne hawatatuambia hatukuuza sisi.

Mama_Zuzu
Mimi yangu haina hata hiyo eabegi lakini nakuja. Basi la saa ngapi?

Mnyaturu_Original
Nipo Dar wiki ijayo. Nitawakuta hapo.